Baiskeli Nayo Yahitaji pa Kulala

Kila anayepanda ngazi za majumba yetu ya ghorofa, iwe ni Michenzani, Kikwajuni au Kilimani kwa upande wa Unguja, au Chake Chake, Wete na Mkoani kwa upande wa Pemba, hakosi kukutana na baiskeli. Moja imefungwa kwa kufuli kwenye chuma cha ngazi. Nyengine imeegemezwa karibu na mlango wa jirani. Ya tatu imesimamishwa katika ujia mwembamba, na mwenye kubeba ndoo ya maji hana budi apite ubavu ubavu. Ndani ya nyumba zenyewe hali ni hiyo hiyo: baiskeli hulala ukumbini pamoja na watoto, au hutiwa jikoni, au huachwa kwenye baraza ya juu ambako upepo wa bahari huila kidogo kidogo.

Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, lisilostahiki kujaza nafasi hii wakati wananchi wana masuala makubwa ya maji, ajira na bei za vyakula. Sisi hatukubaliani na rai hiyo. Kwa watu wengi wa visiwa hivi baiskeli ni chombo cha kazi, kama jembe lilivyo kwa mkulima na ngalawa kwa mvuvi. Mkulima hawezi kuambiwa alaze jembe lake njiani, wala mvuvi hawezi kuambiwa afunge ngalawa yake mlangoni mwa mwenziwe. Mkaazi wa ghorofa ameambiwa hivyo kwa vitendo, kwa sababu hakupewa mahali pengine. Kwa maoni yetu, jumba la ghorofa lisilo na mahali pa kuwekea na kusafishia baiskeli ni jumba ambalo ujenzi wake haujakamilika, na kuukamilisha ni wajibu wa pande mbili: wenye kujenga na kusimamia majumba, na wakaazi wenyewe.

Tuangalie kwanza ni nani wanaohusika. Wamo wachuuzi wa samaki wanaokwenda Malindi alfajiri na kurejea mitaani na matenga nyuma ya baiskeli. Wamo wauza mikate, ambao hufika mlangoni kabla ya chai haijachemka. Wamo wanafunzi wa skuli, walinzi wa usiku, mafundi wa ujenzi na wafanyakazi wa ofisi ambao mshahara wao hauruhusu nauli ya kwenda na kurudi kila siku. Mtu wa namna hii akiibiwa baiskeli yake ngazini, au ikimlia kutu mpaka ikakatika mnyororo njiani, hasara yake si ya chombo peke yake. Hukosa siku ya kazi, na pengine wiki nzima. Familia yake huiona hasara hiyo sahanini.

Majumba haya yana historia ambayo sote tunaiheshimu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Serikali ya Rais Abeid Amani Karume ilikusudia kuwatoa wananchi katika vibanda vya Ng'ambo na kuwapa makaazi ya kudumu yenye maji na umeme. Ujerumani ya Mashariki ilisaidia kwa wataalamu na vifaa, na baada ya nyumba za Kikwajuni yakafuata majumba ya Michenzani, ambayo mengine yana urefu wa karibu mita 300, yakapangwa kandokando ya barabara mbili zinazokutana kwenye mzunguko. Ujenzi uliendelea hata baada ya kuuawa kwa Karume mwezi Aprili 1972. Mashamba nayo hayakusahauliwa, kwani nyumba za ghorofa zilifika Makunduchi na Bambi, na Pemba pia zikajengwa. Lilikuwa tendo kubwa la kuwathamini watu wa chini, na waliopata nyumba hizo hawakulipia ardhi wala matofali.

Lakini mkaazi alipohama kutoka kibanda cha udongo na kwenda ghorofa ya nne, aliacha nyuma kitu ambacho hakikuandikwa katika ramani yoyote: uwanja wa nyuma. Katika nyumba ya chini baiskeli ilikuwa na mahali pake pasipo na mtu kuuliza. Iliingizwa ua, ikaegemezwa ukutani chini ya paa la makuti, ikaoshwa kando ya kisima, na maji machafu yakanyonywa na mchanga. Ghorofa iliondoa ua, kisima na mchanga kwa mara moja, lakini haikuiondoa baiskeli.

Inafaa kukumbuka kwamba huko Ujerumani ya Mashariki kwenyewe, majumba mengi ya ghorofa ya zama hizo yalijengwa na vyumba vya chini ya ardhi, na humo wapangaji waliweka vitu vyao, zikiwemo baiskeli na vigari vya watoto. Hapa kwetu kilichohamishwa ni ghorofa, na chumba cha chini hakikusafiri nayo. Dola ile ilikoma mwaka 1990, lakini sheria za ujenzi za majimbo mengi ya Ujerumani hadi leo zinadai kwamba majumba makubwa ya kupangisha yawe na chumba kinachofikika kwa urahisi cha kuwekea baiskeli, vigari vya watoto na viti vya magurudumu.

Uholanzi, nchi inayosifika kwa baiskeli, ina funzo la wazi zaidi. Sharti la kila nyumba mpya kuwa na ghala dogo la kuwekea vitu liliondolewa katika kanuni za ujenzi za mwaka 2003. Baada ya miaka michache ilionekana kwamba wajenzi wakiachiwa hiari yao huipunguza nafasi hiyo au huifuta kabisa, na sharti likarejeshwa katika kanuni za mwaka 2012. Hatusemi tuwaige Waholanzi katika kila jambo, maana wao wana fedha na sisi tuna mahitaji mengi. Tunasema tu kwamba nafasi ya baiskeli haipatikani kwa kutarajia. Hupatikana kwa kuandikwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Baiskeli ya kawaida ya mtu mzima ina urefu wa kiasi cha mita 1.8, na usukani wake una upana wa kiasi cha sentimita 60. Ikisimama peke yake huchukua zaidi kidogo ya mita moja ya mraba. Katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu saba, mita moja ya mraba ni mahali pa kulala mtoto. Familia yenye baiskeli mbili, ya baba na ya kijana wa skuli, inalazimika kuchagua baina ya nafasi ya chombo na nafasi ya mtu. Lakini nafasi ya kuegeshea gari moja, yenye upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5, inaweza kuchukua baiskeli kumi zikipangwa vizuri. Kila mahali tunapotenga nafasi ya gari la mtu mmoja mbele ya jumba, tungeweza kuwatengea watu kumi. Hatusemi magari yafukuzwe. Tunaomba hesabu hii iwemo katika mawazo ya wapangaji wa mji wanapochora.

Jambo la pili ni usalama, na hapa hatutaki kutafuna maneno. Ngazi za jumba la ghorofa ndiyo njia pekee ya kutokea moto unapozuka. Usiku, umeme umekatika na moshi umejaa, baiskeli tatu zilizofungwa kwenye vyuma vya ngazi zaweza kuwa kizuizi kati ya mama na watoto wake na uhai wao. Mgonjwa anayeteremshwa kwa machela hawezi kupita. Mzee asiyeona vizuri hujikwaa kwenye pedeli. Mwenye baiskeli hakukusudia ubaya wowote, bali alikuwa akiogopa wezi. Kwa hiyo kumtoza faini au kumkatia kufuli bila ya kumwonyesha pa kuipeleka ni kumwonea, na baada ya wiki moja baiskeli itarejea pale pale.

Jambo la tatu ni kutu, adui ambaye watu wa bara hawamjui kama tunavyomjua sisi. Chuma hupata kutu kinapokutana na hewa na maji, lakini chumvi huiharakisha kazi hiyo mno. Upepo wa kaskazi na wa kusi huleta matone madogo ya maji ya bahari, ambayo hukauka na kuacha chumvi juu ya kila kitu. Chumvi hiyo haikai bure. Unyevu wa hewa unapofikia kiasi cha asilimia 75, chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka, na hapa kwetu ni siku nyingi ambazo unyevu hufikia kiwango hicho, khasa usiku. Ndiyo maana baiskeli huota kutu hata mvua isiponyesha, na ndiyo maana ile iliyo kwenye baraza ya ghorofa ya juu inayotazama bahari huharibika upesi kuliko ile iliyo ndani. Mchuuzi wa samaki ana balaa ya ziada, kwa sababu maji ya chumvi na barafu huchuruzika kutoka tengani na kushukia kwenye keria, madigadi na mnyororo.

Dawa ya kutu si ghali. Ni kusafisha mara kwa mara, kukausha na kutia mafuta. Tatizo ni kwamba anayeishi ghorofani hana pa kuifanyia kazi hiyo. Akiiosha ujiani, maji hushuka kwa jirani wa chini na ugomvi huzuka. Akiiosha bafuni, mchanga na grisi huziba bomba ambalo ni la jumba zima. Akiteremka nayo barabarani, hapana mfereji wala pa kumwaga maji. Na mwenye kubeba maji kwa ndoo hadi ghorofa ya tano hatashawishika kuyatumia kwa baiskeli wakati kuna nguo za kufua na watoto wa kukosha. Mwisho wake ni kwamba baiskeli haioshwi kabisa.

Tunapenda kutumia nafasi hii kuwakumbusha wasomaji wetu kwamba usafi wa baiskeli hauhitaji maji mengi. Mafundi wetu wa mitaani wanalijua jambo hili vizuri, na tumeona ni vyema kulieleza kwa faida ya wote. Tandaza magazeti makuukuu sakafuni, na gazeti hili likishasomwa halitakasirika kwa kazi hiyo. Ondoa mchanga mkavu kwa brashi kabla ya kutia maji, kwani mchanga ukisuguliwa kwa tambara bichi hukwaruza rangi, na palipokwaruzika ndipo kutu inapoanza. Kisha chukua nusu ndoo ya maji matamu yenye sabuni kidogo na matambara mawili. Tambara la kwanza lioshe fremu, madigadi na rimu. La pili, lililo kavu, lifute maji yote mara moja. Maji yasimiminwe kwa nguvu kwenye vikombe vya magurudumu na vya pedeli, maana huingia ndani, huosha grisi na kuziacha gololi zikisagana kavu.

Mnyororo una kanuni yake. Ushike kwa tambara kavu, uzungushe pedeli kinyume mpaka uchafu mweusi utoke, na kwa pingili zilizoganda tumia mswaki mkuukuu. Halafu tia mafuta ya cherehani tone moja moja kwenye kila kiungo, uache kwa muda, kisha ufute yote yaliyobaki nje. Mafuta yanayofaa ni yale yaliyo ndani ya kiungo. Yaliyo nje hukusanya vumbi na kuchafua suruali. Mafuta ya kupikia hayafai kwa kazi hii, kwa kuwa hukauka yakanata. Oili chafu ya magari nayo haifai, kwani ina masizi na chembe za chuma zinazosaga mnyororo badala ya kuulinda. Rimu zisiguswe na mafuta hata kidogo, kwani ndizo zinazokamatwa na breki. Wanaosafisha kwa mafuta ya taa tunawanasihi wafanye kazi hiyo nje, mbali na jiko na mbali na watoto, na matambara yaliyolowa yasitupwe ngazini.

Anayefanya hivi mara moja kwa wiki, na mchuuzi wa samaki akafuta keria na mnyororo kila jioni kwa tambara lililoloweshwa maji matamu, atakuta baiskeli yake inadumu miaka mingi. Doa la kutu likionekana, lisuguliwe kwa msasa na kupakwa rangi siku hiyo hiyo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na fremu ya baiskeli iliyotoboka kwa kutu haina fundi wa kuijenga upya kwa bei ambayo mnyonge ataimudu.

Kuhusu kuiweka ndani, lipo jambo moja ambalo familia yoyote inaweza kulifanya. Baiskeli ikitundikwa kwa gurudumu la mbele kwenye ndoano iliyofungwa imara ukutani, hukaa wima na haichukui tena urefu wake wote wa mita 1.8 sakafuni. Ndoano isifungwe kwenye lipu inayobomoka, na mwenye nyumba aulizwe kabla ya ukuta kutobolewa. Tunafahamu kwamba baiskeli nzito za chuma, zile zenye breki za vyuma virefu, huweza kufikia uzito wa kilo 20, na si kila mtu ana nguvu za kuinyanyua kila jioni. Kwa hizo, iliyo bora ni kuegemezwa sambamba na ukuta nyuma ya mlango usiotumika, na kamwe isifunikwe kwa plastiki ikiwa ingali mbichi, kwani plastiki hufungia unyevu ndani na kutu hupata kitanda.

Na kwa kuwa zama zimebadilika, hatuna budi kuongeza onyo jipya. Baiskeli na pikipiki za umeme zimeanza kuonekana mitaani. Betri zake za lithiamu zikiwa mbovu, zimegongwa au zimetiwa chaji kwa chaja isiyo yake, huweza kulipuka moto mkali ambao hauzimiki kwa urahisi. Betri hizo zisitiwe chaji ngazini wala karibu na mlango wa kutokea, wala zisiachwe kwenye chaji watu wamelala. Ghorofa isiyo na mahali pa baiskeli ya kawaida leo itakuwa na tatizo zito zaidi kesho, iwapo hatutajiandaa.

Yote haya, hata hivyo, ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu iliyo mikononi mwa mkaazi. Nusu ya pili imo mikononi mwa wenye mamlaka. Nyumba za ghorofa zinaendelea kujengwa visiwani. Shirika la Nyumba la Zanzibar, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii na wawekezaji binafsi wote wamo katika kazi hiyo. Ardhi yetu ni ndogo na watu wanaongezeka, hivyo hapana shaka kwamba watoto wetu wengi wataishi juu ya wenziwao. Huu ndio wakati wa kusahihisha ramani, kabla saruji haijamwagwa. Kwa sababu hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika.

Kwanza, kila ramani ya jumba jipya la makaazi la ghorofa ioneshe chumba cha baiskeli katika ghorofa ya chini, chenye mlango unaofungwa na nafasi isiyopungua baiskeli moja kwa kila nyumba. Kuta zake zijengwe kwa matofali ya matundu ili upepo upite, kwani chumba kisicho na hewa hugeuka tanuri la kutu. Ramani isiyo na chumba hicho isipitishwe.

Pili, ndani ya chumba hicho au kando yake pawekwe mfereji mmoja wa maji, sakafu yenye mteremko, na shimo la kunasa mchanga na grisi kabla ya maji kuingia katika mtaro. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya kuzibua mabomba ya jumba zima mara kwa mara.

Tatu, kwa majumba ya zamani ambayo hayawezi kuongezewa chumba, pajengwe mabanda madogo katika viwanja vya nyuma, yenye paa, vyuma vya kufungia na taa. Mahali ambapo ngazi ni pana vya kutosha, pembeni mwake pawekwe njia nyembamba ya saruji ambayo gurudumu litapita, ili mtu aisukume baiskeli yake juu badala ya kuibeba begani. Uwekwaji wake uangalie kwamba upana wa kupita watu haupungui.

Nne, usimamizi wa mabanda hayo wapewe wakaazi wenyewe, kwa kushirikiana na masheha. Kila jumba lichague watu wake, liweke mchango mdogo wanaoukubali wote, na mlinzi aandike baiskeli zote kwa jina la mwenyewe na nambari iliyogongwa kwenye fremu. Mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Baiskeli iliyokaa miezi mingi bila ya mwenyewe kujitokeza itangazwe kwa sheha, na isipodaiwa iondolewe, ili banda lisigeuke jalala la vyuma.

Tano, baada ya nafasi kupatikana, na si kabla yake, sheria ya kutozuia ngazi isimamiwe bila ya muhali. Aliyepewa pa kuweka akakataa kupeleka hana tena udhuru.

Tunajua pingamizi zitakazotolewa. Litasemwa kwanza kwamba baiskeli ni chombo cha zamani, na kwamba watu sasa wanataka pikipiki na magari. Ni kweli kwamba vyombo vya moto vimeongezeka, na kila mtu ana haki ya kutaka wepesi. Lakini kijana wa skuli hana leseni ya kuendesha pikipiki, na mwenye pato dogo anapiga hesabu ya petroli kila asubuhi. Nchi nyengine zenye utajiri mkubwa kuliko wetu zinatumia fedha nyingi kuwarejesha watu wao kwenye baiskeli, ili kupunguza msongamano na moshi. Ingekuwa ajabu kwetu sisi, ambao bado tunayo, kuitupa kwa sababu ya kukosa chumba kimoja.

Litasemwa pia kwamba ghorofa ya chini ina thamani kubwa, na kwamba mita zake za mraba zikipangishwa kwa maduka huleta kodi. Hatubishi kwamba kodi ni muhimu, na maduka ya chini ya majumba yanawafaa wakaazi hao hao. Lakini mwenye kujenga anapohesabu kodi ya duka moja, ahesabu pia mabomba yaliyoziba, vyuma vya ngazi vilivyopinda, ugomvi unaofika kwa sheha, na hatari ya moto ambayo haina bei. Chumba cha baiskeli kina faida yake, ingawa faida hiyo haiandikwi kwenye risiti.

Na wapo watakaosema kwamba wakaazi wenyewe hawana nidhamu, watavunja kufuli na kuiba mfereji. Huu ni usemi wa mtu aliyekata tamaa na watu wake. Wakaazi wa majumba yetu wameishi pamoja kwa zaidi ya nusu karne, wakizikana, wakiozana, na kuchangiana shida na furaha katika ngazi hizo hizo nyembamba. Wanaoweza kupika pilau ya harusi ya watu mia tano chini ya jumba moja wanaweza pia kulinda banda la baiskeli thelathini, ilimradi waachiwe walimiliki na waliendeshe.

Waasisi wa majumba haya walikusudia kumpa mnyonge heshima ya kuishi katika nyumba ya mawe iliyo imara. Heshima hiyo haitimii ikiwa chombo anachochumia riziki yake kinalala njiani kama mali isiyo na mwenyewe. Tunaiomba Serikali, mabaraza ya manispaa na kila mwenye kujenga walitazame suala hili katika ramani itakayofika mezani kwao kesho. Tunawaomba pia wakaazi wasingoje mpaka banda lijengwe: jioni ya leo waondoe baiskeli zao ngazini kwa kadiri nafasi inavyoruhusu, wazifute chumvi na kuzitia mafuta, na wakae pamoja kuamua wapi katika uwanja wao wangependa banda hilo lisimame. Wakiwa na jibu la swali hilo mkononi, itakuwa vigumu kwa ofisi yoyote kuwaambia kwamba mahali hapapo.